Picha Nyuma ya Kadi

Kazi ya Nesi ilikuwa kuwauliza watu maswali ambayo wewe na mimi tungeona haya kuyauliza. Aliingia katika nyumba ambamo mtoto mchanga alilazwa mzima, hana homa, hana kikohozi, na asubuhi hakuamka. Alikaa na wazazi, akafungua fomu yenye maswali sitini na manne, akauliza godoro lilikuwa gumu au laini, mtoto alifunikwa nini, nani anavuta sigara humu ndani. Kisha alifungua mkoba, akatoa mwanasesere wa kitambaa mwenye uzito wa mtoto wa miezi mitatu, akamweka mikononi mwa mama na kusema kwa sauti ya chini, "Naomba unionyeshe ulivyomlaza, halafu unionyeshe ulivyomkuta." Wapo waliomlaza na kumfunika vizuri hata wakasahau kwamba kuna mgeni. Wapo waliomfukuza. Yeye aliandika yote, akaaga, akaenda kulia kwenye choo cha ofisi, akanawa uso, akarudi mezani.

"Mwenye kazi kama hiyo hapati mchumba," shangazi yake alimwambia mwaka juzi. Shangazi huyo hakuwa mtu wa kuyapaka maneno mafuta, lakini safari hiyo alikosea.

Mchumba aliletwa na friza. Ofisi ya utafiti ilikuwa na friza kubwa ya kuhifadhia sampuli za damu, na friza hiyo ilikuwa na tabia mbaya. Akaitwa fundi, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Akaitengeneza. Baada ya wiki mbili ikaharibika, akaitengeneza tena. Mara ya nne msimamizi wa ofisi alimuuliza mbele ya watu kama huwa anaacha skrubu moja wazi kwa makusudi, na Fundi, badala ya kukana, akamtazama Nesi. Tangu siku hiyo ikawa siri ya ofisi nzima.

Ulipofika mwezi wa pili alimweleza habari zake kwa pumzi moja, amekaa juu ya kisanduku chake cha vifaa. Aliwahi kuoa. Alipata mtoto wa kiume, mtoto akafariki usingizini akiwa na wiki kumi na moja, na ndoa nayo haikukaa. "Naomba usiniulize yale maswali yako sitini na manne," alisema. Nesi hakumuuliza hata moja. Hakuuliza mtoto alizaliwa wapi, alipelekwa kliniki ipi, alilazwaje. Alijisifu moyoni kwa uungwana huo, akauita mapenzi. Ilikuwa miezi minane sasa, na Jumamosi hii alikuwa amealikwa kwa mama mkwe mtarajiwa.

Huyo mama alikuwa amemkataa kwa miezi mitatu mizima. "Mwanamke anayebeba mtoto bandia mkobani na kuzungukia nyumba za misiba," alimwambia mwanawe, "ataniletea nini hapa?" Halafu wiki hii, ghafla, akasema mlete.

Sebule ilikuwa safi ya kutisha. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, bilauri zimepangwa kabatini kwa urefu, saa ya ukutani inakwenda mbele dakika kumi ili asichelewe mtu. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, mwenye kutembea kama anayejua kila kitu kilipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa kwenye mwanga. Macho yangu yamechoka kwa kila kitu isipokuwa wakwe."

"Mama, usimtishe," alisema Fundi.

"Kwani ana miaka miwili? Wewe nenda jikoni ukaiangalie friji yangu. Fundi wa mji mzima, friji ya mama yake inanguruma kama trekta."

Fundi alimkonyeza Nesi, akaenda. Mlango wa jikoni ulibaki wazi, na punde ikasikika bisibisi ikigonga bati.

Mama alimimina chai, akasogeza sahani ya mkate, akakaa. "Nitakwambia kweli, maana mimi sijui kuzunguka. Nilikukataa. Nilisema utatuletea mkosi. Halafu nikakaa nikafikiri, nikajiambia, mbona huyu ndiye tunayemhitaji? Mwanamke anayejua kumlaza mtoto."

Nesi alitabasamu. Moyo ulimtulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nashukuru, mama."

"Maana yule wa kwanza hakujua." Mama aliweka kikombe chini. "Amekwambia?"

"Aliniambia mtoto alifariki usingizini. Sikutaka kumchimba zaidi."

"Basi nitakuchimbulia mimi. Alimlaza mjukuu wangu kifudifudi, uso kwenye godoro. Aliyeingia chumbani ni mimi. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimeshika beseni la maji ya kumwogesha. Nikamwita kwa jina. Mtoto wa wiki kumi na moja, nikamwita kwa jina kama mtu mzima, nikamwambia amka babu yangu, maji yanapoa."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Alisogeza kikombe. "Sijapoa. Lakini hilo si neno. Kufa kila mtu atakufa. Kilichoniudhi ni uongo. Tulipomuuliza kwa nini ulimlaza hivyo, unajua alijibu nini? Eti nesi wa kliniki ndiye aliyemfundisha. Nikamwambia, we mwanamke, nesi gani mwenye akili zake afundishe watu kumziba mtoto pumzi? Akakimbia chumbani, akaja na kadi ya kliniki. Nyuma ya kadi kuna picha ya kalamu ya kijani. Mtoto amelala tumbo chini, makalio juu, kama katuni ya gazetini. Eti nesi ndiye aliyemchorea ili asisahau. Nikamwambia mwanangu, tazama na macho yako, amekaa usiku kucha amejichorea mwenyewe ajitoe lawamani. Njia ya mwongo fupi."

Chai ilikuwa karibu kufika mdomoni. Nesi aliirudisha mezani kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nikueleze, maana yeye mwenyewe kwa dakika ile hakuwa na sauti. Kabla ya kwenda masomoni na kuwa mtafiti, Nesi alifanya kazi kliniki ya watoto miaka minne. Matroni aliyemlea kikazi alimfundisha kwamba mtoto alazwe kifudifudi, ili akicheua asipaliwe. Akina mama arobaini kwa siku, wengi wamechoka, wengi hawasikii kwa vilio, kwa hiyo Nesi akabuni njia yake: nyuma ya kila kadi alichora mtoto aliyelala tumbo chini. Mistari sita tu. Akina mama walicheka, na anayecheka hasahau. Matroni alimsifu mbele ya wenzake. Katika kliniki ile, pengine katika nchi ile nzima, hakuna mtu mwingine aliyechora picha hiyo, na kalamu ya kijani alikuwa nayo yeye peke yake.

Kisha, miaka sita na nusu iliyopita, ukaja waraka. Kurasa tatu, na karatasi ya majina imebanwa juu: kila aliyesoma asaini. Nyaraka za namna hiyo zilikuja kila wiki, mara rangi ya ndoo za taka, mara mpangilio wa mafaili. Huu uliingia saa ya chai, ukazungushwa mezani pamoja na bakuli la sukari. Nesi alisaini kwa kalamu yake ya kijani, akaupitisha kwa jirani. Waraka ulisema watoto walazwe chali, kwa kuwa utafiti umeonyesha wanaolala kifudifudi wanakufa zaidi. Aliusoma baada ya miezi mitano, siku mwenzake alipomkuta anachora na kumuuliza kama amerukwa na akili. Miezi mitano, akina mama arobaini kwa siku. Alirudi nyumbani siku hiyo akajiambia kwamba Mungu ni mkubwa, wale watoto wote bila shaka wako salama. Mwezi uliofuata akaomba nafasi ya masomo, akaingia kwenye utafiti wa vifo hivi. Watu waliuita wito. Yeye aliwaacha waite.

"Kadi hiyo iko wapi, mama?" aliuliza.

"Niliichana. Vipande nikavitia motoni. Sikutaka mwanangu aione tena akaanza kulegea." Mama alimsogelea. "Sasa wewe ni mtaalamu, na kuuliza si ujinga. Kuna nesi anayeweza kufundisha hivyo?"

Hili lilikuwa swali jepesi, la jibu la neno moja. Nesi alitazama vitambaa vya kufuma.

"Maelekezo," alisema, "maelekezo yaliyopo ni kumlaza chali."

"Umeona. Baba, njoo huku. Njoo umsikie mtaalamu kwa masikio yako."

Bisibisi ilinyamaza. Fundi alitokea mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa, na alipoona uso wa Nesi, uso wake ukabadilika. "Mama, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana nisimtishe. Nimemtisha? Amesema mwenyewe, nesi hafundishi hivyo."

Fundi alikaa kwenye mkono wa kochi, karibu na Nesi, akanuka mafuta ya mashine na sabuni. Akamshika bega. "Samahani, mpenzi. Sikutaka uyasikie hivi. Lakini kwa kuwa yamefunguliwa, niruhusu swali moja. Moja tu kati ya sitini na manne." Alijaribu kucheka. "Kulala vile ndiko kulikomuua?"

Nesi alivuta pumzi. Hilo alilijua kwa moyo, alikuwa amelijibu katika nyumba mia moja na kumi. "Hakuna mtu anayeweza kukwambia hivyo. Tunajua kinachoongeza hatari. Kulala kifudifudi kunaongeza, tena sana. Godoro laini, moshi wa sigara, joto la kupita kiasi, yote yanaongeza. Wengine wanazaliwa na udhaifu kwenye ubongo, pale panapomwambia mtoto amka, huna hewa. Ndiyo maana tunakusanya damu, ndiyo maana friza. Lakini maelfu wanalala hivyo na wanaamka. Kwa mtoto mmoja, yule wako, hakuna anayejua."

Kila neno lilikuwa kweli, na hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo maishani mwake.

Fundi aliinama. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa, na yalimtazama kwa upendo ambao angependa kuukimbia. "Miaka sita nangoja mtu aniambie hivyo," alisema. "Umenitua mzigo, hujui tu."

Aibu ilimpanda Nesi kutoka tumboni hadi masikioni, ya moto, kama anayevuliwa nguo sokoni. Angeweza kuishi na chuki yake. Shukrani yake hakujua aiweke wapi.

"Basi tuyaache," alisema Mama. "Hata kama si kulala kulikomuua, uongo alisema."

"Uongo ndio ulioniondoa kwake," Fundi alisema taratibu, akimwelekea Nesi, kama mtu anayetaka kumaliza usafi wa nyumba siku hiyo hiyo. "Si kifo. Kifo ningekibeba naye. Aliniapia kwa kaburi la mtoto kwamba hakuchora yeye. Alinishika mkono akaapa. Nikajiambia, mtu anayeweza kuapa uongo kwa kaburi la mwanangu siwezi kulala naye chumba kimoja. Nikautoa mkono wangu."

"Na ulifanya vyema," alisema Mama. "Sasa mambo ya heri. Mimi naona mwezi ujao. Wazee wa upande wako wanapatikana, mwanangu?"

Usimhukumu haraka, wewe unayesoma. Hukuwa kwenye kochi lile. Kila kitu alichokitamani kilikuwa kimewekwa mbele yake pamoja na mkate: mwanamume, mama mkwe, mwezi wenyewe. Kadi ilikuwa majivu. Matroni alishafariki. Alichotakiwa kufanya ni kunywa chai. Mwanamke mmoja tu, ambaye hakumkumbuka hata sura, angeendelea kuitwa muuaji na mwongo, na alikwisha kuitwa hivyo miaka sita, pengine amezoea.

Nesi alifika hapo, kwenye neno amezoea, akajichukia.

"Nipe kalamu," alimwambia Fundi.

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Fundi alimpa ile ya mfukoni. Nesi alivuta gazeti lililokuwa juu ya meza, akatafuta pembeni penye nafasi. Mkono ulikumbuka kazi yake. Mgongo. Kichwa. Makalio juu. Mguu mmoja umechomoza, na kwenye wayo vidole vitano, vitano vyote kama punje za mtama. Aligeuza gazeti kuwaelekea.

Fundi alidhani anafafanuliwa jambo. Alitazama kwa adabu. Kisha kitambaa kikamtoka mkononi.

"Mama hakukwambia habari za vidole," alisema.

"Hapana."

"Umejuaje vidole?"

"Nilikuwa namaliza na vidole. Ndivyo vilivyokuwa vinawachekesha."

Fundi alisimama kutoka kwenye mkono wa kochi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nilikuwa kliniki," Nesi alisema. "Nilimchorea yeye kama nilivyowachorea wote. Hakudanganya. Mkeo hakudanganya neno hata moja."

"Mlifundishwa hivyo? Ndivyo mlivyofundishwa?"

Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, na Nesi aliuona. Alitamani kuupita. "Mwanzoni, ndiyo. Lakini mtoto wako alipozaliwa waraka ulikwisha kuja. Ulisema walazwe chali. Niliusaini."

"Ulisoma ukakataa?"

"Sikusoma. Nilisaini sikusoma. Ilikuwa saa ya chai."

Fundi alirudia polepole, "Saa ya chai," kama mtu anayejifunza lugha ngeni.

Aliyezungumza kwanza ni Mama, na hakufoka kama Nesi alivyotarajia. Aliongea kwa haraka, kwa kunong'ona, akiangalia dirishani. "Basi. Umesema, tumesikia, yaishie humu humu. Kadi haipo. Watu hawajui. Mwezi ujao uko pale pale."

"Mama," alisema Fundi.

"Mama nini? Miaka sita nimemwita mwanamke yule muuaji. Sokoni, msibani, kwa ndugu zake. Nilimkataza asije kaburini. Unataka nikawaambie nini hao watu leo? Niwaambie nilichana kadi?" Akamgeukia Nesi, na katika macho ya yule mama Nesi aliona kitu alichokijua vizuri, maana alikuwa nacho kifuani dakika ile ile. "Kwa nini usinyamaze tu, mwanangu? Ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

Fundi alikuwa ameshachukua gazeti, amelikunja mara nne.

"Nyanyuka," alimwambia Nesi. "Twende."

"Wapi?"

"Kwake."

Walitembea mitaa miwili. Siku zote Fundi alimweka Nesi upande wa ndani, mbali na magari, tena wakati mwingine kwa kumbeba kwa utani. Leo alitangulia. Nesi alifuata mgongo wa shati lake, akipishana na watu wa Jumamosi wenye vikapu, akahisi kila anayemtazama anajua.

Duka la ushonaji lilikuwa na cherehani mbili na mlango wa bati uliopakwa rangi ya maziwa. Ndani alikaa mwanamke mwembamba, tepu ya kupimia shingoni, macho mekundu kama aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Pembeni yake, kwenye tenga lililotandikwa shuka, alikuwapo mtoto mchanga. Mkono wa kushoto wa mwanamke ulikuwa kifuani mwa mtoto, na kwa mkono wa kulia alikuwa anashona pindo la sketi. Alimwona Fundi, mkono wa kulia ukasimama. Wa kushoto haukuondoka.

"Umepotea njia?" aliuliza.

"Hapana." Fundi alilikunjua gazeti, akaliweka juu ya cherehani.

Mwanamke alitazama ile picha. Alitazama muda mrefu, hata mteja aliyechungulia mlangoni akaona bora arudi baadaye. Halafu akainua macho, akampita Fundi, akamkuta Nesi.

"Ni wewe," alisema. "Ulikuwa umesuka nywele."

"Ni mimi."

"Nilikuja kliniki kukutafuta mara tatu. Nilikuja na mtu wa kunishuhudia. Waliniambia umekwenda masomoni."

Nesi hakulijua hilo, na lilimuumiza kuliko yote ya siku ile. Mara tatu. Yeye yuko darasani, anasoma jinsi ya kuwauliza wafiwa kwa upole.

"Nilitaka useme neno moja tu," aliendelea mwanamke. "Useme, mimi nilichora."

"Mimi nilichora. Na wakati ule nilikuwa nimeshaambiwa nisichore. Nilisaini karatasi sikuisoma. Sikuja kujitetea. Nisamehe, dada, ukiweza."

"Kusamehe siwezi leo. Leo nina usingizi." Alisema bila hasira, kama anayemwambia mteja nguo haiko tayari. Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe?"

"Uliniapia," Fundi alisema.

"Nilikuapia."

"Ukanishika mkono." Akafunika uso kwa viganja vyake vyenye mafuta, mabega yakamtikisika. Hakuna aliyemgusa. Hakuwa na haki ya kuguswa na yeyote kati ya wale wawili, na nadhani alilijua hilo.

Mwanamke alimwacha alie. "Huyu ana wiki tisa," alimwambia Nesi. "Baba yake yuko safarini na lori. Tangu azaliwe sijalala. Nasinzia nimekaa, mkono nimemwekea hapa, ukiacha kupanda na kushuka nashtuka. Nikimlaza chali nahisi atapaliwa. Nikimlaza ubavu anageuka. Kifudifudi ndiyo usiseme. Kila ninayemuuliza ana lake, na mimi sithubutu kuuliza kliniki." Akamtazama. "Bado wewe ni nesi?"

"Nachunguza vifo hivi. Ndiyo kazi yangu sasa."

"Basi nionyeshe. Alaleje?"

Nesi alipiga magoti kando ya tenga. Alikuwa amewaomba watu mia moja na kumi wamlaze mwanasesere mbele yake, na leo alikuwa na mtoto wa kweli, wa moto, ananuka maziwa, anapiga miayo. Aliogopa mikono yake mwenyewe. Aliondoa mto mdogo. Akaondoa lile shuka zito lililokunjwa, akabakisha jepesi, akalitandaza likabana chini. Akamlaza mtoto chali, akamgusa kidevu, akaiondoa mikono.

"Hivi. Chali, kila mara, mchana na usiku. Pagumu, peke yake, karibu na kitanda chako lakini si ndani yake. Bila mto. Akicheua atageuza kichwa mwenyewe, hatapaliwa, hilo limechunguzwa vizuri. Asipate moshi, asifunikwe kichwa. Sikuahidi kwamba hakuna litakalotokea, dada. Hakuna anayeweza kukuahidi. Lakini hivi ndivyo hatari inavyokuwa ndogo kuliko zote."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Hata siku ile ulikuwa na uhakika. Ulikuwa unacheka."

Nesi aliinamisha kichwa. "Siku ile nilikuwa na uhakika," alisema. "Safari hii nimesoma."

Mwanamke alimtazama mtoto, akamtazama Nesi, akamtazama mtoto. Kisha, kidole kimoja kimoja, akauondoa mkono wake kifuani mwa mwanawe. Ulikuwa umekakamaa, akaukunja na kuukunjua.

"Utakaa hapo," alisema. "Utamwangalia. Usiende kunywa chai. Nikiamka nikukute."

"Utanikuta."

Alivua tepu, akajilaza kwenye marobota ya vitambaa pale pale nyuma ya cherehani, na kabla Nesi hajapata kiti alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kama aliyeangushwa.

Fundi alijifuta uso. "Sijui kama nitaweza," alinong'ona. "Kukuoa. Kukutazama. Sijui."

"Najua. Nenda nyumbani. Mama yako yuko peke yake na hili."

"Nikuache hapa?"

"Hapa ndipo pangu leo."

Alikwenda hadi mlangoni. Nesi hakugeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kifua kidogo kilichopanda, kikashuka, kikapanda. Alisubiri kusikia hatua zikiondoka. Badala yake alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, polepole ili kisiamshe mtu, na Fundi akaketi upande wa pili wa tenga, mbali na yeye, akaanza naye kuangalia.